Paka, Mlinzi wa Ghala

Katika Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, mahindi hungoja wanunuzi ghalani, na paka hulala juu ya magunia sehemu kubwa ya mchana. Asiyemjua humwita mvivu. Giza liingiapo, macho yake hutosheka na mwanga hafifu. Sharubu humpimia upana wa tundu. Kucha zilizofichwa vidoleni hazitoi sauti sakafuni. Panya hushtukia amekwisha kukamatwa.

Basi mwenye ghala na afikiri kabla ya kutega sumu. Panya aliyeila hupepesuka, paka akamkamata kwa urahisi, naye huweza kufa kwa sumu ile ile. Aliyetaka kuokoa gunia moja huwa amemwua mlinzi wa yote.