Chanjo ya Kansa Inaanzia kwa Skani
Wasee, hii chanjo ya mRNA ya kansa si kama ile ya watoto kliniki. Unadungwa ukiwa tayari mgonjwa. Huko New York, madaktari walitoa uvimbe wa kongosho, wakasoma jeni zake, kisha kila mgonjwa akatengenezewa chanjo yake pekee, kinga ya mwili ijifunze kutambua seli za kansa zilizobaki. Watu 16 walidungwa, pamoja na dawa zingine. Kwa 8 kinga iliamka. Matokeo yalichapishwa 2023. Poa sana.

Lakini lazima uvimbe uwe bado unatoleka. Shangazi yangu alitibiwa vidonda vya tumbo karibu mwaka mzima. Akipigwa skani, kansa ilikuwa imefika kwa ini. Sasa mkinitumia video za "kansa imepata dawa", niambieni pia: skani kwenu ni pesa ngapi?