Kopo la Pringles lilivyoniumbua Mombasa!

Leo nina aibu yangu ya Mombasa na nimeona bora niitoe mwenyewe kabla watu wa familia hawajaitangaza mtaani.

Ilikuwa hivi. Nina shangazi yangu Mombasa, Mji wa Kale, ambaye ndiye aliyenilipia ada kidato cha tatu na cha nne mzee alipoachishwa kazi. Bila yeye nisingeandika hata hii safu. Sasa binti yake wa mwisho, ana miaka kumi na moja, nilimwahidi kwenye simu kwamba akifanya vizuri kwenye mtihani nitamletea kopo la Pringles. Mtoto akafanya kweli! Ikabidi na mimi nifanye kweli.

Nikapanda basi alfajiri stendi ya Magufuli pale Mbezi. Chalinze, Segera, Tanga, mpaka Horohoro. Njia ni ya lami na upepo mwanana, raha tupu. Balaa lilinikuta mpakani. Nikabadilisha pesa haraka haraka na kijana mmoja mchangamfu kweli kweli, kuja kuhesabu tukiwa tumeshaingia Kenya, bwana we, noti pungufu! Nikanyamaza kimya kama nimemeza jiwe.

Likoni unavuka kwa feri, na mwenda kwa miguu halipi hata senti, kwa hiyo hapo nilipona. Nikaingia supamaketi moja katikati ya mji nikiwa na shilingi 600 za Kenya, na humo humo nilitakiwa nibakize nauli ya matatu ya kunirudisha mpakani. Kopo la Pringles 480! Nikalishika, nikalirudisha. Nikalishika tena, mlinzi akaanza kuniangalia.

Rafu ya chini yake ndipo nikaona pakiti za krispi zimeandikwa jina la supamaketi yenyewe. Shilingi 130, na ni kubwa. Wasioelewa mchezo huu ni kwamba duka halina shamba la viazi wala karai. Linampa kazi mwenye kiwanda, anapakia, linabandikwa jina la duka. Hakuna tangazo la televisheni, hakuna mdosi wa katikati, basi bei inashuka. Wenyeji wanaijua siku nyingi. Nakumatt, lile duka lililoanzia na magodoro kule Nakuru na likafa kabisa mwaka 2020, nalo lilikuwa na vitu vyake, vikiitwa Blue Label.

Nikanunua. Hadi hapo sina kosa. Kosa ni shetani aliyenipitia nje.

Mimi nikisafiri, mswaki na sabuni yangu naweka kwenye kopo tupu la Pringles alilonipa mshikaji wangu mmoja wa Sinza. Halivuji, halibonyei. Unaona nilikofika? Nikajibanza kwenye ukuta wa Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593 wajikinge na maadui, na mimi nikajikinga hapo hapo nisionwe na watu. Nikatoa sabuni, nikafuta kopo kwa leso, nikamimina krispi za duka, nikafunga kifuniko. Nusu pakiti iliyobaki nikaificha kwenye begi.

"Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, karibu, mbona umekonda hivyo?" Mtoto huyo mbio, kopo mkononi, anaruka ruka. Akafungua. Akatazama ndani. Akatia moja mdomoni, akasita.

"Kaka," akasema, "hizi mbona zanukia sabuni?"

Nikacheka kicheko cha kuku. Nikamwambia labda ni harufu ya mafuta yao.

"Na Pringles zote huwa sawa, zimepangana kama sahani. Hizi moja kubwa, moja ndogo, hii ina ganda. Wanidanganya?"

Kimya. Shangazi akachukua kopo, akanusa, akaniangalia. Nikatoa ile pakiti kwenye begi, nikaiweka mezani, nikasema kila kitu, mpaka habari za mpakani.

Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alisema, "Ungekuja mikono mitupu ningekupikia wali, ukala, ukalala. Mimi ada yako nilikuwa nakopa kwa jirani, na jirani nilimwambia ukweli kwamba sina. Wewe kukosa pesa kwaona haya, kumdanganya mtoto huoni haya?"

Msomaji, nilitamani sakafu ipasuke.

Jioni nikamwomba mtoto radhi, nikawapeleka Lighthouse. Ni kule Mama Ngina Drive, pametengenezwa upya tangu 2019, wanapotembea watu wote wa Mombasa jua likizama na meli zikiingia Kilindini. Kuna madafu, kuna kachiri za muhogo zinazokaangwa hapo hapo, unatiliwa pilipili na ndimu mpaka masikio yanawaka. Tukanunua kachiri kidogo, na ile nusu pakiti isiyo na sabuni tukaifungua. Mtoto ndiye hakimu. Akaonja, akafikiri kama wa mahakama kuu, akasema: kachiri ya kwanza, krispi za duka ya pili, na Pringles hawezi kuihukumu kwa sababu haijafika mahakamani.

Amenimaliza!

Mimi mwenyewe nasema hivi: krispi za duka ni kavu, chumvi ya kutosha, zinavunjika vizuri, ila chini ya pakiti kuna vumbi jingi. Na nilivyorudi Dar nilichimba kidogo. Kumbe Pringles si kiazi kilichokatwa, ni unga wa viazi uliokandwa pamoja na vingine na kupewa umbo, ndiyo maana zote pacha. Huko Uingereza wenyewe walikwenda mahakamani wakidai si krispi ili wakwepe kodi, wakashindwa mwaka 2009, na ikajulikana kiazi ndani yake ni asilimia 42 hivi. Ile ya duka lilikuwa kiazi tupu, na ganda lake!

Ila kopo nalivulia kofia. Fredric Baur, Mmarekani aliyelibuni, alipofariki 2008 baadhi ya majivu yake yalizikwa ndani ya kopo la Pringles, kwa kutaka kwake mwenyewe. Mwenzangu alizikwa nalo kwa heshima, mimi lilinizika nikiwa hai.

Kwa hiyo usiogope cha bei nafuu, ndugu yangu. Kinunue, kifungue mbele za watu, na useme ni cha duka. Kopo nimelitupa, mswaki naweka kwenye mfuko wa nailoni. Na Pringles ya mtoto? Nadunduliza, mwezi ujao inakwenda na basi, imefungwa na risiti yake.

Tukutane wiki ijayo.