Manzese: Pesa Imetoka, Haijafika

Mapazia yapo, mashuka yapo, na salio kwenye simu lipo. Sasa kwa nini mnasimama juani dakika arobaini?

Wachumba wengi wa Dar wakishakubaliana kupanga nyumba moja, swali linalofuata baada ya kodi ni hili: vitu vya ndani tutanunua wapi bila kufilisika? Uliza ofisini kwenu. Mmoja atakwambia Kariakoo, mwingine atataja Mlimani City, lakini yule mwenye uzoefu wa maisha atakuvuta pembeni akunong'oneze, "Nendeni Manzese." Na hajakosea hata kidogo!

Manzese ipo kando ya Barabara ya Morogoro, baada ya Magomeni kama unatoka mjini. Zamani ilihesabiwa Kinondoni, lakini tangu 2016 iko Wilaya ya Ubungo. Jirani yake ni kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na wafanyakazi wengi walipanga vyumba maeneo haya. Watu wakajenga walivyoweza, ukuta kwa ukuta, hadi miaka ya 1970 Manzese ikaingizwa kwenye mradi wa kuboresha makazi uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Ukiingia leo Midizini au Uzuri bado utapita vichochoro ambavyo ukikutana na mtu amebeba godoro, mmoja wenu lazima arudi nyuma.

Lakini sisi hatukwenda kuangalia vichochoro. Tulikwenda kununua.

Pale Darajani

Shukeni Manzese Darajani, kwenye lile daraja la waenda kwa miguu. Kabla hamjafika chini mtasikia sauti. "Chagua chagua, buku tatu!" "Dada, njoo uone mzigo, belo limefunguliwa sasa hivi!" Viatu vya mtumba vimepangwa vikiwa vimeng'arishwa kuliko vya dukani. Mapazia yananing'inia kwenye kamba, mashuka yamerundikwa juu ya turubai, na pembeni kuna mama anakaanga mihogo. Ukiwa na jicho zuri na mdomo wa kushusha bei, utaondoka na pazia zito ambalo dukani ungelipia mara tatu.

Mimi na mchumba wangu tulikwenda Jumamosi, na orodha yetu kwenye karatasi: mapazia ya sebuleni, mashuka manne, viatu vyake vya kazini. Mfukoni tulikuwa na noti za nauli tu. Hela yote ya manunuzi ilikuwa kwenye simu, kama ilivyo kwa vijana wengi wa mjini. Mshahara unaingia benki, unahamia kwenye simu, na kutoka hapo unagawanyika: umeme, king'amuzi, mchango wa harusi ya rafiki, na kile unachomtumia mama nyumbani.

Na kwa mtazamo wa haraka, Manzese iko tayari kwa watu kama sisi. Karibu kila kibanda kina bango la Lipa Namba. Nyekundu, bluu, njano, machungwa, yote yamebandikwa kwenye mbao moja. Huduma hii imetoka mbali jamani. M-Pesa ilianza hapa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Miaka ile ukiwa mtandao mmoja na muuzaji yuko mwingine, ilikuwa kero tupu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana pesa ivuke kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom wakajiunga 2016. Leo ukiwa na laini yoyote kubwa unaweza kumlipa muuzaji wa laini nyingine. Kwenye bango inaonekana rahisi.

Pesa iko njiani

Tulipata mapazia jozi mbili, rangi ya udongo, hayana hata doa. Kijana muuzaji, wa miaka kama ishirini hivi, alianza na elfu sabini. Mchumba wangu akavuta, kijana akavuta, tukakutana elfu arobaini na sita. Nikaingiza namba iliyokuwa kwenye bango, nikaandika kiasi, jina likatokea, nikaweka namba ya siri. Simu ikafikiri, ikafikiri, halafu menyu ikapotea.

Nikaangalia salio. 46,000 imeondoka!

"Tayari kaka," nikamwambia.

"Bado dada. Meseji haijaingia."

Hapa ni vizuri kujua kinachotokea. Menyu ile ya nyota, iwe *150*00# au nyingine yoyote, haitumii bando. Inapita kwenye mtandao wa kawaida wa simu, ndiyo maana hata kitochi kinalipa. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba nchini, menyu ya nyota haikuhitaji intaneti kwenye simu ya mteja. Ila ile meseji ya kuthibitisha ni safari nyingine kabisa. Pesa inaweza kuwa imeshahesabiwa upande wa muuzaji huku meseji inazurura. Au imekatwa kwako na haijaingia kwake, na hapo ndipo inapobidi kupiga simu huduma kwa wateja na kusikiliza muziki.

Kama menyu inakatika kabla hujaweka namba ya siri, hakuna kilichotoka, rudia. Ikikatika baada ya namba ya siri, usirudie! Angalia salio kwanza, kisha taarifa fupi ya miamala. Watu wengi wamelipa mara mbili kwa kukimbilia.

Kwa hiyo tukasubiri. Dakika tano. Kumi. Mchumba wangu akaanza kuangalia saa na kupumua kwa nguvu, na ninyi mliopo kwenye mahusiano mnaijua ile pumzi. Akataka tuchukue mzigo tuondoke kwa sababu hela imeshatoka na ushahidi upo kwenye simu yangu. Kijana akayakunja mapazia vizuri, akayaweka chini ya meza yake, akasimama mbele ya meza.

Anayesubiri pamoja na wewe

"Dada, mimi sikukatai wewe," akasema. "Hii namba siyo yangu, ya bosi. Bosi yuko Kariakoo anafuata mzigo. Mpaka yeye aseme imeingia. Ikipotea, nakatwa mimi."

Tukamuuliza imewahi kumtokea? Imemtokea. Mteja mmoja alimwonyesha meseji ya malipo ya elfu thelathini na mbili, ina kila kitu, kumbukumbu namba, muda, jina la bosi. Akampa mzigo. Jioni bosi akaangalia simu yake, hakuna kitu. Meseji ilikuwa ya kutengeneza. Ile hela ikakatwa kidogo kidogo kwenye posho yake ya siku mpaka ikaisha.

Nikamwelewa papo hapo. Sisi tunaolipa tunadhani usumbufu wote ni wetu, kwa kuwa sisi ndio tumesimama juani. Kumbe katika zile dakika ambazo pesa iko njiani, lazima kuna mtu aibebe hasara kama itapotea, na mara nyingi ni yule mwenye kipato kidogo kuliko wote waliopo pale. Bosi ana namba. Mteja ana meseji. Kijana hana chochote zaidi ya mapazia yaliyo chini ya meza.

Na tusisahau nchi yetu imeuguzwa na meseji za uongo kwa miaka. Nani hajawahi kupata ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, mwisho ukiwa Januari 20, 2020, lakini matapeli hawakustaafu. Kwa hiyo muuzaji wa Manzese anapokataa kuangalia kioo cha simu yako, hajakudharau. Amejifunza.

Meseji ya bosi iliingia baada ya dakika arobaini. Kijana akatoa mapazia, akayapangusa vumbi ambalo halikuwepo, akatuongezea kamba ya kufungia bure.

"Weka na ya kutolea, mwanangu"

Kwenye mashuka kesi ilikuwa nyingine. Mama mwenye turubai, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, lakini nilipotaja simu akatingisha kichwa. Hana Lipa Namba. Ana namba yake ya kawaida, na hata hiyo hapendi. Kwanza, wakala akitoa pesa kuna makato. Kwa hiyo shuka la elfu nane kwa noti linakuwa elfu nane "na ya kutolea" kwa simu. Pili, alikuwa ameazima salio kwenye simu wiki iliyopita, zile huduma za kuongezewa pesa kidogo na kurudisha baadaye. Hela yoyote ikiingia inakatwa deni palepale, na yeye kesho alfajiri anatakiwa kuwa na noti mkononi kununulia mzigo.

"Nikiuza kwa simu, naonekana nimeuza, lakini sina hela," akasema, na huwezi kubishana na hesabu hiyo.

Kumbukeni pia Julai 2021, serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu. Kelele zilisikika nchi nzima, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikaendelea kulegezwa. Ila mazoea yaliyoingia wakati ule, ya kumwambia mteja "bora cash", hayakuondoka na tozo.

Nikaenda kwa wakala wa pembeni kutoa. Wakala hana "float", noti zimeisha. Wa pili anazo, ila kuna foleni ya watu sita. Nilirudi nikiwa na noti na jasho, mama akanichagulia mashuka manne mwenyewe kutoka chini ya rundo, yale mazuri aliyokuwa ameyaficha.

"Jina la nani hilo?"

Kwenye viatu tulilipa haraka, ila kioo kikaonyesha jina la mwanamke wakati muuzaji ni mwanaume mwenye ndevu. Ni la mke wake, akaeleza, kwa sababu yeye ndiye mtunza fedha. Tukacheka. Lakini nimeona wapenzi wakigombana kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Simu ya malipo inaandika kila kitu: nani ulimtumia, saa ngapi, kiasi gani. Mwenzako anapekua taarifa ya miamala, anakuta "Mwanaidi 20,000" ya saa tatu usiku, kumbe Mwanaidi ndiye aliyesajili namba ya muuza chipsi. Kama mnaanza maisha pamoja, zungumzeni mapema kuhusu nani analipa kwa laini gani. Itawapunguzia kesi nyingi.

Mbona wenzetu wanagusa tu?

Ndugu zetu wa Uingereza hupenda kutuhadithia kuwa kule unagusa mashine kwa simu na safari imeisha. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Kadi za kugusa zilianza kule 2007 kwa kikomo cha pauni 10, na kufikia Oktoba 2021 kikawa pauni 100. Mabasi ya London yaliacha kupokea noti na sarafu Julai 2014. Lakini hapo hapo ndipo kero yao inapoanza. Simu ikizima chaji kabla ya kushuka kwenye treni, huna tiketi. Mashine ya duka ikigoma na hawapokei taslimu, unarudisha mkate kwenye rafu. Tena hakuna wa kukufichia mzigo chini ya meza wakati unatafuta chaji.

Manzese inachosha, ila bado ina njia ya pili. Noti inapokelewa, na mtu anaweza kukusubiri.

Mkienda wawili

Gaweni pesa. Theluthi moja muwe nayo taslimu, kwa noti ndogo ndogo, kwa ajili ya kina mama wa turubai.

Toeni hela kabla ya kufika, au mapema asubuhi. Mchana mawakala huishiwa noti.

Ulizeni kabla ya kuvuta bei: "Unapokea simu? Namba ni ya nani? Simu yenyewe iko wapi?" Kama iko Kariakoo, jipangeni.

Someni jina linalotokea na mumtajie muuzaji kabla ya kuweka namba ya siri.

Menyu ikipotea, angalia salio na taarifa ya miamala. Usilipe tena. Hifadhi kumbukumbu namba.

Na muuzaji akisema subiri, subirini. Kunyweni juisi ya miwa, ongeeni habari za nyumba mpya. Msimvutie kijana wa watu mzigo mikononi kwa sababu simu yenu inasema tayari. Ninyi mnapoteza nusu saa. Yeye akikosea anapoteza siku nne za kazi.