Na Huyu wa Sauti, Je?

Habari ya Mogadishu ilitufikia kwa redio, Julai 1993. Mawe ya redio yalikuwa yamechoka na mama alikuwa ameyaanika juu ya bati tangu asubuhi, ingawa jua la Julai huku Kericho ni la kuombwa. Baba ndio kwanza alikuwa ametoka kupimiwa majani, aproni ya plastiki bado kiunoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Akatega sikio. Waandishi wanne wameuawa Somalia: Dan Eldon, Hansi Krauss, Hos Maina na Anthony Macharia.

"Watatu ni wa kwetu," baba akasema.

Krauss alikuwa Mjerumani wa shirika la habari la AP. Wale wengine walikuwa wa Reuters, na Dan, ingawa alizaliwa London, alikulia Nairobi. Gazeti lilipofika kambini mwa wachumaji tukasomewa yaliyotokea. Jumatatu ile, tarehe 12, helikopta za Marekani zilishambulia kwa makombora nyumba walimokutana wazee wa ukoo wa mbabe wa vita, Jenerali Aidid, aliyekuwa akisakwa tangu wanajeshi 24 wa Pakistan walipouawa mwezi Juni. Msalaba Mwekundu ulihesabu maiti 54. Wasomali wenyewe wakawaita waandishi waje wapige picha, dunia ijionee. Wakaenda. Umati uliokuwa ndio kwanza umefiwa ukawageukia. Mwenzao Mohamed Shaffi, mpiga picha za televisheni, aliponea chupuchupu akiwa na majeraha ya risasi.

Kesho yake shambani hapakuwa na soga wala nyimbo. Bibi mmoja Mkipsigis, mchumaji wa safu ya jirani, aliuliza kama mama yake Macharia ameshaambiwa. Akauliza tena, ufito mkononi, kikapu mgongoni, hachumi. Hata msimamizi hakumhimiza.

Ili uelewe uzito wa swali lile, kumbuka tulikotoka. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamechomeana nyumba huko Londiani na Kipkelion, na kabila la mtu lilikuwa likiulizwa kabla ya salamu. Maina na Macharia ni majina ya Kikuyu. Asubuhi ile yalitamkwa na Wakipsigis, Wakisii na Wajaluo kama wanavyowataja marehemu wao. Hakuna mkutano wa amani niliowahi kuhudhuria ulionigusa kama asubuhi ile kwenye michai.

Dan, aliyekufa akiwa na miaka 22, ameandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu. Alistahili kila ukurasa. Ila nawaambia vijana wanaosomea uandishi wa habari hapa kwetu, wengi wao hawajapata kusikia jina la Maina, seuze la Macharia. Macharia alikuwa fundi wa sauti. Picha huchapwa na jina la aliyeipiga chini yake, lakini sauti hupita bila jina. Tulipotazama habari za Somalia kwenye televisheni ya kantini na kumsikia mama akimlilia mwanawe, ilibidi mtu asimame karibu ya kutosha kunasa kilio chake, katikati ya risasi, na mtu huyo hatukumwona.

Baba aliyapekua magazeti siku zile akitafuta habari za Macharia, akaambulia mistari michache. Miaka mingi baadaye, Mogadishu ilipotajwa tu na mtu akamsifu Dan, alikuwa akiuliza, "Na huyu wa sauti, je?" Hakuna kati yetu aliyekuwa na la kumjibu, na swali hilo bado linaniuma.