Jumamosi Moja, Barabara Moja

Huenda nyumbani kwako yupo mtoto aliyeahidiwa kupelekwa Makumbusho ya Taifa tangu mwaka jana. Kila Jumamosi hufika na kazi zake: sare za shule, mchele, samaki, kitasa kilichovunjika. Baba hutoka saa mbili kwenda Kariakoo, mama hutoka saa nne kwenda Feri, na jioni inapoingia nauli imekwisha, miguu imechoka, na mtoto huambiwa asubiri wiki ijayo. Wiki ijayo nayo huja na yake.

Wakazi wa Kimara, Ubungo na Manzese wana bahati wasiyoitumia vema. Barabara ya Morogoro imewaunganisha kama uzi uunganishavyo shanga, na huko inakoishia, kwa mwendo mfupi wa miguu, kuna Makumbusho, bustani, bahari na soko la samaki. Safari za wiki tatu zaweza kuwa safari moja, mradi zipangwe kwa kuangalia kitu gani kinaoza na kitu gani kina uzito, wala si kwa jinsi zinavyokujia kichwani.

Kwa hiyo anzeni na mahali pa mbali zaidi, mikono ikiwa mitupu. Shukeni Posta ya Zamani, mtembee hadi Mtaa wa Shaaban Robert kabla jua halijawa kali. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940, yakiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Leo yanahifadhi fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, ambalo umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Msiwaharakishe watoto hapo. Mtoto wa asubuhi huuliza maswali. Mtoto wa saa tisa alasiri huuliza maji tu. Wakichoka, Bustani ya Mimea iko jirani, na kivuli chake hakilipiwi kama kiti cha hotelini.

Baada ya hapo, Feri. Wajuzi watakuambia kwamba samaki ni wa alfajiri, wakati wa mnada. Ni kweli, wala sibishani nao. Lakini samaki mbichi aliyenunuliwa alfajiri akazungushwa mjini hadi mchana hamfai mpishi wala mlaji. Mnunue mwishoni, umtazame macho na matamvua, kisha umpe mparaji, na kutoka kwa mparaji apelekwe kwa wakaangaji waliopo pale pale sokoni. Utalipa ziada kidogo, lakini samaki aliyekaangwa huvumilia joto la basi, na mama hatashika jiko akiwa na uchovu wa safari.

Kariakoo ndipo mipango mingi inapovunjika. Kumburura mtoto wa miaka mitano katika msongamano wa Mtaa wa Msimbazi ni kumwadhibu bila kosa. Hapa wazazi waagane: mmoja ateremke Fire na orodha yake ya sare na kitasa, mwingine aendelee na watoto na samaki hadi nyumbani. Nami napenda anayeteremka awe baba, walau mara moja kwa mwezi, apate kujua bei ya sare kwa macho yake mwenyewe. Mchele asiununue huko. Aushukie Manzese, aingie soko la Tandale, ili mzigo mzito uwe wa mwisho kubebwa na wa kwanza kutuliwa.

Mpango huu una adui mmoja, nalo ni bonde la Msimbazi. Masika, kati ya Machi na Mei, mto huo umewahi kufurika mara kadhaa na barabara ikafungwa pale Jangwani, watu wakabaki upande mmoja na nyumba zao upande mwingine. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, msivuke. Fanyeni mahitaji ya upande wenu: matunda na ndizi Mabibo, nafaka Tandale. Na mtoto aelezwe ukweli asubuhi ile ile, atajiwe na tarehe nyingine, iandikwe kwenye kalenda ukutani mahali anapoweza kuisoma.