Ukimwambia aache, atakula nini?

Jamani vijana wenzangu, tukisikia habari za Wakristo wa kwanza tunafikiria simba na upanga tu. Lakini wengi hawakuwahi kuona simba. Kilichowabana ni riziki.

Chukua Thiatira, mji wa Asia Ndogo, leo ni Uturuki. Ndiko alikotoka Lidia, yule muuza nguo za zambarau. Mafundi wa kule walikuwa na vyama vyao: wapaka rangi, waokaji, wafua shaba. Chama kikikaa kula, nyama mara nyingi ilikuwa imeshatolewa kwa miungu. Ukikataa, unajitenga na wenzako, na kazi inakukimbia. Hakuna aliyekushikia kisu, ni sahani tu.

Huku kambini sahani hiyo tunaijua. Mgao ulipopunguzwa, mama mmoja wa bloku yetu, ana watoto wanne, alianza kupika gongo. Kanisani akaambiwa aache. Akaacha kweli. Wiki mbili hakuna aliyempelekea hata kikombe cha unga. Sasa amerudi kupika, na watu wanamsema. Mimi siwezi kumsema.

Karne ya 3, Sipriani, askofu wa Karthago (leo Tunisia), aliulizwa na mwenzake Eucratius kuhusu mwigizaji mmoja aliyekuwa Mkristo. Jukwaa ameacha, ila anafundisha wengine kuigiza ili apate kula. Maigizo ya Kirumi yaliendana na sherehe za miungu, na kanisa liliyaona ni aibu. Sipriani akajibu: aache. Lakini hakuishia hapo. Akasema kama shida ni umaskini, kanisa limlishe pamoja na maskini wengine. Na kama kanisa lenu haliwezi, basi aje huku Karthago, atapewa chakula na nguo.

Yaani neno "acha" lilitoka pamoja na chakula. Sisi tunatoa neno peke yake, halafu tunashangaa mtu akianguka.

Nimeshaongea na vijana watatu wa bloku. Kila siku ya mgao tutatoa kikombe kimoja kimoja cha unga kwa yule mama. Ni kidogo, najua. Lakini akitaka kuacha tena, asiache peke yake.

Na kwenye bloku yako, ni nani ameambiwa aache bila kupewa kitu?