Jino lilinyamaza, kumbe limekufa

Najua nimepotea, na wengine mlishaanza kusema nimedisko. Sijadisko. Mwenzenu nilikuwa naumwa jino. Na kama hujawahi kuumwa jino usiku wa manane kwenye chumba cha watu sita, huku wewe mwenyewe umebebwa kwenye kitanda cha mtu, basi bado hujajua usiku mrefu ni nini.

Ilianza kidogo kidogo. Nikinywa maji baridi, gego la chini kulia linashtuka, nikimeza linatulia. Nikalidharau. Baadaye likaanza kushtuka hata kwa chai ya moto, na likishashtuka halikomi, linadunda robo saa nzima. Nikilala ndiyo linachachamaa. Jamaa anayenibeba ni mtu wa Pemba, akanipa karafuu nitafunie upande ule. Inasaidia kweli, msicheke! Mafuta ya karafuu yanatia ganzi, na nilipofika kwa daktari nikakuta hata dawa yao ya kuzibia kwa muda inanukia karafuu vilevile. Ila inatuliza tu, haitibu. Duka la dawa nje ya geti wakaniuzia amoksilini na diklofenaki bila hata kuuliza jino gani.

Halafu siku moja nikaamka, kimya. Maji baridi, kimya. Nikashukuru Mungu, na hela ya bumu niliyoitenga kwa ajili ya jino nikalipa deni la mama ntilie, nikatoa fotokopi, iliyobaki nikamtumia mdogo wangu aliyekuwa anaanza kidato cha tano.

Wiki ya tatu, asubuhi ya testi, shavu limevimba kama nimeficha andazi na mdomo haufunguki vizuri. Testi nilifanya. Msiniulize nilipata ngapi.

Daktari alikuwa dada mmoja mwenye subira sana. Alinipiga eksirei akanionyesha: kwenye ncha ya mzizi, ndani ya mfupa, kuna kivuli cheusi. Akaniambia jino si jiwe. Ndani lina nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, nayo inashuka hadi kwenye mizizi kupitia mifereji myembamba. Bakteria wakishakula gamba la nje wakaifikia, inavimba, na kwa kuwa imezungukwa na ukuta mgumu haina pa kuvimbia. Ndiyo yale maumivu ya usiku. Isipotibiwa inakufa. "Siku ile uliyoshukuru Mungu," akasema, "ndiyo siku jino lako lilipokufa." Na vile vidonge? Dawa inasafiri na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki tena. Bakteria walikuwa wamekaa humo raha mustarehe, usaha ukatafuta njia ya kutokea.

Nikapewa njia mbili: kung'oa, au kutibu mzizi. Kung'oa ni mara moja na bei nafuu. Kutibu mzizi ni kurudi rudi, na bei yake mara kadhaa.

Nikampigia mama. Mama hakufikiria hata sekunde: "Jino bovu si la kung'olewa, mwanangu? Unataka ulifanyie nini?" Jioni akatuma elfu thelathini za kung'olea. Nilijua imetoka kwenye mtaji wake wa vitumbua. Sasa mama yangu mwenyewe hana magego upande wa kulia, yaling'olewa moja moja. Nyama anaichambua kwa vidole kwanza, na karanga alizokuwa akizipenda alishaziacha. Mimi nina miaka 22. Ile elfu thelathini nikaipeleka kuwa malipo ya kwanza ya mzizi.

Siku ya kwanza ganzi ilikuwa inakubali kwa shida. Palipo na usaha ganzi haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo aliongeza. Akatoboa jino kwa juu, na harufu iliyotoka, jamani, nilimwonea aibu yule dada. Siku ya pili akanivalisha kipande cha mpira mdomoni, jino limechungulia peke yake, akaanza kusafisha mifereji kwa visindano vyenye meno meno kama tupa. Gego langu lina mizizi miwili ila mifereji mitatu. Kila mmoja anaupima urefu, kuna kimashine kinalia akikaribia ncha, maana akizidisha anachoma mfupa na akipunguza anaacha uchafu. Anaosha kwa dawa ya jamii ileile ya kung'arishia nguo nyeupe, anakausha kwa vijiti vya karatasi, anaweka dawa, anaziba kwa muda. Siku ya tatu mifereji ikajazwa gutapacha, utomvu wa mti wa Asia ya Kusini Mashariki. Maumivu? Kukaa mdomo wazi saa nzima ndiyo kuliniuma zaidi.

Kumbe pia gego hili ndilo linalotangulia kuota, mtoto akiwa na miaka kama 6. Wazazi wengi wanadhani ni la utoto, wanaliachia lioze wakisubiri ling'oke. Sijui langu lilianza kuharibika lini.

Bado kofia. Jino lililotibiwa mzizi lina tundu kubwa, linaweza kupasuka nikitafuna vibaya, kwa hiyo daktari anataka alivike kofia ngumu. Bei ya kofia aliniandikia kwenye karatasi, nikaikunja haraka. Mpaka bumu litoke natafunia kushoto. Kama mama.

Jana kapiga simu. "Pengo limepona?" Nikamwambia limepona, mama. Akasema nisukutue na maji ya chumvi. Idi nakwenda nyumbani, na mnaonifahamu mnajua mimi nikicheka nacheka mdomo wote.